Mtoro Sugu

Mwezi Machi mwaka 1851, chama cha madaktari wa jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, kilipokea ripoti kuhusu magonjwa ya watu weusi. Aliyeiandaa ni daktari wa New Orleans aitwaye Samuel Cartwright, na ndani yake mlikuwa na ugonjwa ambao wenzake hawakuwahi kuusikia. Aliuita drapetomania. Dalili yake kuu ilikuwa moja tu: mtumwa anatoroka.

Nimelitazama neno hili kwa muda mrefu kuliko ninavyohitaji. Ninasoma shahada ya uzamili katika isimu, na utafiti wangu unahusu majina ya magonjwa katika Kiswahili: yametoka wapi, yamepitia midomo ya nani, yanabeba nini ndani yake. Drapetomania haimo katika orodha yangu na haitaingia. Lakini kila ninapoifungua orodha nalikumbuka, kwa sababu linauliza swali ambalo orodha haiwezi kulijibu. Tukisema jambo fulani ni ugonjwa, tumegundua kitu au tumeamua kitu? Na kama tumeamua, ni nani aliyetupa haki hiyo?

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kigiriki cha kale, *drapetes* ni mtumwa aliyetoroka, na *mania* ni wazimu. Ukilileta kwetu moja kwa moja, ni wazimu wa utoro. Cartwright hakukosa maneno ya Kiingereza ya kusema jambo hilo. Wenye mashamba waliyokuwa nayo yalitosha, na waliyachapisha magazetini kila wiki, wakitangaza zawadi kwa atakayewarudishia watu wao. Alichokosa ni neno lenye sura ya hospitali. Ukisema watumwa wetu wanatoroka, umeleta malalamiko ya mwenye mali. Ukisema wana drapetomania, umeleta taarifa ya daktari. Tukio ni lilelile. Kilichohama ni tatizo: limetoka shambani, limeingia kichwani mwa anayekimbia.

Wakati wake nao si wa bahati mbaya. Mwaka mmoja kabla, 1850, Bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyowalazimu hata watu wa majimbo yasiyo na utumwa kusaidia kuwarudisha watoro. Ugomvi juu ya utumwa ulikuwa umepanda, na swali moja liliwasumbua waliosema mtumwa wa Kusini anaishi vizuri, analishwa, anatunzwa. Kama anaishi vizuri, mbona anakimbia? Kuna majibu mawili ya uaminifu: ama haishi vizuri, ama kuna kitu kikubwa kuliko kulishwa. Cartwright alitafuta jibu la tatu, kwamba anaumwa.

Tiba aliyopendekeza inasomeka kama maagizo ya malezi. Watumwa watendewe kama watoto, wapewe chakula na nguo za kutosha, wasinyanyaswe ovyo, lakini wasipewe pia nafasi ya kujiona sawa na bwana wao. Mungu, alidai, amemuumba Mwafrika awe mpiga magoti, na akibaki katika magoti hayo hawezi kutoroka. Mtumwa akianza kununa, sababu ya kununa kwake itafutwe na iondolewe. Na akinuna bila sababu, achapwe kabla ugonjwa haujakomaa.

Hapo kwenye "bila sababu" ndipo nilipokwama mara ya kwanza nilipoisoma ripoti hiyo. Cartwright hakukataa kuuliza. Alikubali bwana achunguze kama blanketi ni nyepesi, kama chakula ni kidogo, kama msimamizi ni katili. Sababu zote ziliruhusiwa mezani isipokuwa moja, nayo ni utumwa wenyewe. Mtu aliyelishwa, akavishwa, na bado akatazama barabara kwa macho ya kuondoka, alihesabiwa kuwa hana sababu. Na asiye na sababu ni mgonjwa.

Kiswahili kinaweza kutusaidia kuuona mchezo huu. Sisi tuna neno moja, sababu, kwa mambo mawili tofauti. Tunasema sababu ya malaria ni vimelea vinavyoletwa na mbu. Tunasema pia, nina sababu zangu za kuondoka. Sababu ya kwanza inamsukuma mtu kutoka nyuma; haijali anafikiri nini. Sababu ya pili mtu ameishika mkononi, anaweza kukuonyesha, mnaweza kubishana juu yake, na anaweza kuwa sahihi au akakosea. Alichofanya Cartwright ni kumnyang'anya mtumwa sababu ya pili na kumpa ya kwanza. Mtu aliyekuwa na hoja akawa na vimelea. Na hakuna anayebishana na vimelea.

Sisi wa pwani ya Afrika Mashariki hatuna haki ya kulisoma neno hili kwa kidole cha kunyoosha. Nimekulia Tanga, mahali ambapo kila mtu anajua babu yake alikuwa nani, na wachache husema babu yake alikuwa wa nani. Unguja na Pemba zililimwa karafuu kwa mikono ya watumwa. Malindi ililimwa nafaka kwa mikono hiyohiyo. Nao walitoroka. Tuliwaita watoro. Walikimbilia nyuma ya Mombasa na Malindi, wakajenga vijiji vyao, Fuladoyo kikiwa miongoni mwa vilivyojulikana zaidi. Wengine walipata hifadhi Witu, na wengine kwenye misheni ya Rabai. Tarehe 1 Januari 1889, kampuni ya Waingereza iliyokuwa inajitanua pwani iligawa hati za uhuru kwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa kwenye misheni, baada ya kukubaliana fidia. Aliyefidiwa ni bwana.

Kwa hiyo mtoro ni neno lililosemwa na anayebaki. Anayeondoka hajioni mtoro; anajiona anakwenda. Hata hivyo, neno letu lina jambo moja ambalo la Cartwright halina. Mtoro ana miguu. Amefanya jambo. Unaweza kumlaani, kumsaka, kumfunga, lakini hulaani kitu kilichomtokea, unalaani alichokifanya. Ndiyo maana neno hilo limeweza hata kuwa jina la mtu. Mmoja wa waandishi wakubwa wa nathari yetu ya zamani ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake yamo katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Kijana huyo alikua, akasoma, akaandika, akafundisha Kiswahili hadi Berlin, akiwa na jina hilo. Sidhani kama kuna mzazi popote aliyewahi kumwita mwanawe Drapetomania.

Lakini sarufi yetu nayo haitulindi sana. Chukua kiambishi u-, kibandike, unapata hali. Ugonjwa, ukoma, upofu, ulevi, uvivu, utoro, uhuru. Yote yamekaa katika ngeli moja, bega kwa bega, kama abiria wa daladala moja. Lugha haikuambii ni yupi anapelekwa hospitali, yupi anapelekwa mahakamani, na yupi anasindikizwa kwa ngoma. Kazi hiyo imeachwa kwetu. Na sisi, mara nyingi, tunaifanya kwa haraka.

Harriet Tubman alitoroka utumwa Maryland mwaka 1849, kisha akarudi takriban mara 13 kuwatorosha wengine, watu wapatao 70. Kwa kipimo cha Cartwright, hakuna aliyeumwa drapetomania kama yeye. Alikuwa nayo na akaiambukiza. Lakini Tubman alikuwa na ugonjwa wa kweli. Akiwa msichana, msimamizi mmoja alirusha jiwe la mizani la chuma likampiga kichwani, na kwa maisha yake yote aliumwa kichwa na kuangukiwa na usingizi wa ghafla katikati ya mazungumzo. Jiwe lile hata halikuwa lake. Lilikuwa limerushwa kwa mtumwa mwingine aliyekuwa anajaribu kukimbia. Kwa hiyo tuna mwanamke mmoja na mambo mawili. Jeraha la ubongo, ambalo lilistahili daktari, na alirudishwa shambani likiwa bado linavuja damu. Na uamuzi wa kuondoka, ambao haukuhitaji daktari yeyote, na huo ndio uliotafutiwa jina la Kigiriki.

Ningeweza kuishia kwenye historia kama nisingeona jambo lenye umbo hilohilo nyumbani kwetu.

Nina mdogo wangu wa kiume. Ameniruhusu niandike haya kwa masharti mawili: nisitaje jina lake, na nisitaje shule. Alipokuwa Kidato cha Pili alitoroka shule ya bweni mara tatu katika muhula mmoja. Hakwenda mjini, hakwenda kwa marafiki. Kila mara alikuja nyumbani, akiwa na begi la madaftari, akafika jioni akiwa na vumbi, akala, akalala. Asubuhi alirudishwa. Baada ya mara ya tatu ikaja barua. Ilisema kijana ni mtoro sugu, kwamba uongozi umemuhoji kuhusu chakula, marafiki na matumizi ya bangi na haukuona sababu ya msingi, na kwamba familia inashauriwa kumpeleka kwa wataalamu wa afya ya akili kabla ya kupokelewa tena.

Baba mdogo alisema dawa ya utoro inajulikana na haiuzwi duka la dawa, inakatwa porini. Mama alisema tumwombee. Baba, ambaye hapendi ugomvi, alisema tufanye yote mawili, kisha twende na hospitali pia. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, kwa hiyo niliwasindikiza.

Tabibu aliyetupokea katika hospitali ya wilaya alikuwa dada mdogo kiumri, hajanipita kwa miaka mingi. Aliisoma barua mara moja, akaiweka pembeni. Hakumuuliza mdogo wangu kwa nini anatoroka. Alimuuliza, "Usiku wa kuamkia siku uliyoondoka, ulilalaje?"

Kijana hakujibu kwa muda. Halafu akalia, na akiwa analia akasema. Alikuwa anakojoa kitandani. Si kila usiku, mara mojamoja, lakini katika bweni lile aliyelowesha godoro alilibeba kichwani hadi paredi ya asubuhi, akasimama nalo mbele ya shule nzima mpaka matangazo yaishe. Mara ya kwanza alibeba. Mara tatu zilizofuata aliondoka kabla ya kengele.

Tabibu alimpima mkojo, akamuuliza habari za choo, za maji anayokunywa na muda anaokunywa, akatueleza kwamba kwa mtoto wa umri ule tatizo hilo lina sababu zake, kwamba mara nyingi hurithiwa katika familia, na kwamba linatibika. Baba akakohoa. Akasema, huku akitazama dirishani, kwamba yeye naye, hadi darasa la saba. Mama akageuka kumwangalia. Walikuwa wameoana miaka ishirini na saba.

Angalia jinsi majina yalivyogawanywa. Kukojoa kitandani, jambo la hospitali, liliitwa tabia mbaya, likapewa adhabu. Kutoroka, jibu la mtu mwenye akili timamu kwa asubuhi isiyovumilika, kuliitwa ugonjwa, kukapewa rufaa. Kila jina lilikwenda kwenye mlango usio wake.

Sisemi shule ile ni shamba la pamba. Walimu wale hawakumnunua mtu, na naamini aliyeandika barua aliandika kwa nia njema. Alikuwa na mamia ya watoto wa watu mikononi mwake na mmoja alikuwa anapotea barabarani. Utumwa una uzito wake na haupaswi kuazimwa kupamba malalamiko madogo. Ninachosema ni kwamba hatua ya fikra inafanana. Orodha ya sababu zinazoruhusiwa iliandaliwa mapema: chakula, marafiki, bangi. Zote ziliulizwa kwa uaminifu. Paredi haikuwamo kwenye orodha, kwa sababu paredi haikuonekana kuwa jambo linaloweza kusababisha chochote. Ilikuwa tu asubuhi ya kawaida.

Hapa msomaji anaweza kufikiri ninataka kusema kwamba kuliita jambo ugonjwa ni hila ya wenye nguvu. Sitaki, kwa sababu si kweli.

Mahenge, katika nyanda za kusini mwa Morogoro, kuna kliniki ya kifafa iliyoanzishwa karibu na mwaka 1960 na daktari mzaliwa wa Norwei, Louise Jilek-Aall. Aliwakuta watu wenye makovu ya moto: walikuwa wameangukia mafiga wakati wa degedege, na waliokuwa karibu waliogopa kuwagusa, wakiamini kifafa kinaambukiza kwa mate, au kwamba ni laana isiyopaswa kuingiliwa. Kwa watu wale, neno ugonjwa lilikuwa ukombozi. Lilimaanisha: huyu hajalaaniwa, hana pepo, mshike, mtoe motoni, mpe vidonge. Hakuna aliyeonewa kwa kuitwa mgonjwa pale. Walioonewa ni wale ambao hawakuitwa hivyo mapema.

Na kuna kisa kinachogusa kutoroka kwenyewe. Mwaka 1886, katika hospitali moja ya Bordeaux, Ufaransa, alilazwa mfanyakazi wa kampuni ya gesi aitwaye Albert Dadas. Alikuwa na mazoea ya ajabu: ghafla anaondoka, anatembea mamia ya kilomita, anajikuta katika mji asioujua bila kukumbuka amefikaje. Alifika hadi Algeria, hadi Moscow. Aliwahi pia kutoroka jeshini. Daktari kijana, Philippe Tissié, aliandika tasnifu yake juu yake mwaka 1887, na jina la kitabibu la hali hiyo likaenea. Dadas aliteseka. Alilia kitandani, alitaka isitokee tena. Na kwa wanajeshi waliokuwa na hali kama yake, jina hilo lilikuwa na thamani ya pekee, kwa sababu mtoro wa jeshi huadhibiwa, bali mgonjwa hutibiwa.

Kitendo ni kimoja, kuondoka bila ruhusa. Louisiana, kukiita ugonjwa ni kumfunga mtu kamba ya pili juu ya ile ya kwanza. Bordeaux, kukiita ugonjwa ni kumfungua. Kwa hiyo jibu haliwezi kuwa ndani ya neno. Lazima liwe katika jinsi neno linavyotumika, na mikononi mwa nani.

Nimejaribu kutafuta kipimo. Cha kwanza kilichonijia ni hiki: nani analalamika? Dadas alilalamika mwenyewe. Watumwa hawakulalamikia kutoroka kwao. Waliolalamika ni mabwana. Kipimo kizuri, lakini hakitoshi. Mtu anayesikia sauti zikimwamuru ajirushe kutoka ghorofani huenda asilalamike kabisa, na huenda akasema yuko mzima kuliko sisi sote. Tukimwachia yeye peke yake uamuzi wa jina, tutamzika. Kuna nyakati ambapo wengine ndio wanaouona ugonjwa kwanza.

Kipimo cha pili naona kinafika mbali zaidi: akipona mgonjwa, anapona nani? Mtu wa kifafa akipata dawa, anapona yeye. Haanguki tena motoni. Dadas akitulia, anapona Dadas. Anayesikia sauti akitibiwa, anabaki hai, na kesho anaweza kutushukuru au kutulaumu, lakini yupo wa kufanya hivyo. Sasa mtumwa akipona drapetomania, nani amepona? Yeye amebaki na kila kitu kilichomkimbiza. Shamba ndilo lililopona. Mdogo wangu angetibiwa utoro kwa vidonge au maombi au fimbo, akaacha kutoroka, akabeba godoro lake kila lilipolowa, nani angekuwa amepona? Daftari la mahudhurio.

Kipimo cha tatu kinahusu maswali. Jina zuri la ugonjwa huzaa maswali zaidi. Ukisema malaria, utauliza mbu, maji yaliyotuama, chandarua, nyumba. Jina bovu huyaua maswali. Baada ya drapetomania, hakukuwa na haja ya kwenda shambani kutazama. Ndiyo sababu hata wakati huohuo kulikuwa na waliolicheka. Frederick Law Olmsted, aliyesafiri katika majimbo ya utumwa na kuandika kitabu mwaka 1856, aliukejeli ugonjwa huo kwa kukumbusha kwamba zamani watumishi Wazungu wa mkataba nao walikuwa wakitoroka mabwana zao. Ulikuwa mzaha wa mstari mmoja, lakini ulifanya kazi ya maabara. Ugonjwa uliodaiwa kuwa wa watu weusi ulionekana popote palipokuwa na mtu aliyefungwa na mahali pa kukimbilia.

Inaweza kuonekana kwamba haya yalikwisha. Neno drapetomania lilikufa pamoja na mfumo uliolihitaji. Lakini Cartwright huyohuyo alipima pumzi za watu weusi kwa spirometa akadai mapafu yao yana upungufu wa asilimia 20, na akasema kazi ya kulazimishwa ndiyo inayoyapa mapafu hayo afya. Wazo la mapafu ya rangi halikufa naye. Mashine za hospitali ziliendelea kurekebisha vipimo vya pumzi kwa kufuata rangi ya mtu hadi karne hii, na ni mwaka 2023 ndipo chama cha madaktari wa mapafu cha Marekani kiliposhauri utaratibu huo uachwe. Katika Umoja wa Kisovieti, miaka ya 1960 na 1970, waliodai haki walipelekwa hospitali za akili wakiwa na utambuzi wa skizofrenia inayokwenda polepole, yenye dalili kama vile kupenda mno kurekebisha jamii. Neno hubadilika, kazi yake hurudi.

Na hairudi kwa madaktari wabaya tu. Inarudi kwetu, kwa sauti ya upole kabisa. Mfanyakazi wa ndani anaondoka usiku bila kuaga, na tunasema amechanganyikiwa, hatusemi alikuwa analala saa ngapi. Mke anarudi kwao kwa mara ya nne, na tunasema ana jini la safari. Kijana anaacha kazi nzuri mjini, na tunasema amerogwa. Huenda mara nyingine ni kweli kwamba mtu anaumwa. Lakini tumezoea kuanza na kichwa chake kabla ya kutazama chumba alichotoka.

Ninaporudi kwenye orodha yangu ya majina ya magonjwa, kuna neno ninalolitazama tofauti siku hizi. Ni lile la barua: sugu. Tunalitumia kwa ugonjwa usiopona, kikohozi sugu, malaria sugu. Tunalitumia kwa mtu asiyebadilika, mwizi sugu, mdaiwa sugu, mtoro sugu. Tunalitamka kana kwamba ni hukumu juu ya asili ya mtu: ndivyo alivyo, ameshindikana. Lakini maana yake ya mkononi ni nyingine. Sugu ni ile ngozi ngumu kwenye kiganja cha mkulima, kwenye kidole cha fundi cherehani, kwenye paji la anayesujudu. Inakaa jirani na kusugua. Haizaliwi na mtu. Hujengeka pale kitu kimoja kinapokisugua kingine, mahali palepale, kwa muda mrefu.

Mkulima akikuonyesha sugu yake, humuulizi ana ugonjwa gani wa kiganja. Unajua tayari kuna mpini wa jembe mahali fulani. Ukitaka kiganja kilainike, utaangalia jembe. Nadhani hilo ndilo tunalodaiwa na kila mtu tunayetaka kumwita sugu, iwe ni kwa mdomo wa mwalimu, wa daktari au wa ndugu. Kabla ya kuliandika neno hilo kwenye barua yake, tutafute kwanza kinachomsugua.